TV kubwa, chaneli za SD: mwongozo kamili wa kupata picha ya kutazamika

Kila mwezi naitwa nyumba moja au mbili hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kwa sababu ile ile. TV ya inchi 50 au 55 imenunuliwa Mombasa, imepanda basi hadi Mokowe, imevuka kwa mashua ikiwa imekumbatiwa kama mtoto mchanga, na jioni watu wa nyumba wamekaa kutazama taarifa ya habari. Picha ni ukungu. Uso wa mtangazaji kama umepakwa nta, na maandishi yanayopita chini hayasomeki vizuri.

"Mwanangu, nimeuziwa TV mbovu," mama mmoja wa Langoni aliniambia. Katoni ilikuwa tayari imeletwa sebuleni. "Ile ndogo ya zamani ilikuwa bora kuliko hii."

"Mama, usiirudishe bado," nikamwambia. "Nipe saa mbili."

TV yake ilikuwa nzima, na yako huenda ni nzima pia. Chaneli nyingi tunazotazama bado zinarushwa kwa SD, yaani picha ya nukta 720 kwa 576, jumla nukta 414,720. Kioo cha HD kamili kina nukta 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Piga hesabu: ni mara tano kamili. Kioo cha 4K ni mara ishirini. Kwa hiyo kati ya kila nukta tano unazoziona kwenye TV ya HD, moja imetoka studio na nne TV imezibuni yenyewe.

Hakuna kitufe kinachogeuza SD kuwa HD. Kinachowezekana ni kuhakikisha ile picha ndogo inafika kwenye kioo bila kupoteza kitu njiani, kisha kuizuia TV isiongeze makorokoro yake juu yake. Fuata hatua kwa mpangilio huu, kwa sababu wengi wanaoshindwa huanza na menyu ya rangi huku tatizo liko kwenye waya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Waya wa HDMI, mita moja na nusu inatosha. Usilipe zaidi kwa sababu umeandikwa 4K. Kwa picha ya SD, waya wa bei nafuu ulio mzima unafanya kazi ile ile.
- Rimoti ya TV na rimoti ya king'amuzi, zote zikiwa na betri nzuri.
- Tepu ya kupimia.
- Simu yenye kamera, kalamu na karatasi.
- Ikiwa antena iko juu ya paa: kisu, kiunganishi kipya cha waya wa antena, tepu ya mpira ya kuzuia maji, na mtu wa kushika ngazi.

Anza saa kumi na mbili jioni. Taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja ndicho kipimo bora kuliko vyote: uso mmoja uliotulia, mwanga wa studio usiobadilika, na maandishi yanayopita chini. Chagua chaneli moja uitumie mwanzo hadi mwisho. Ukirukaruka utakuwa unapima vituo badala ya kupima mabadiliko yako.

Piga picha ya kioo kwa simu kabla ya kugusa chochote, na uweke alama sakafuni mahali uliposimama. Jicho husahau haraka sana.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa kabla ya dawa

Picha mbaya zina sura tatu, na kila moja ina tiba yake.

Kwanza, picha inayovunjika vipande, inayoganda, au sauti inayokatika. Huo ni ugonjwa wa antena. Nenda hatua ya 2.

Pili, picha isiyokatika lakini yenye ukungu wakati wote, hata mtangazaji akiwa ametulia. Hapo kuna waya mbaya au mipangilio mibaya. Ruka hadi hatua ya 3.

Tatu, picha inayokuwa nzuri kitu kikitulia, kisha inajaa miraba midogo midogo mara watu wakianza kukimbia au kamera ikigeuka. Hilo limetoka kituoni. Chaneli kadhaa hugawana mtambo mmoja wa kurushia, kila moja ikipewa sehemu ndogo tu ya nafasi, na mwendo ndio unaokula nafasi nyingi kuliko kitu kingine. Utalipunguza kwenye hatua ya 6, ila hutaliondoa.

Jambo moja nalisisitiza kwa sababu limewamaliza watu pesa: kuongeza nguvu ya mawimbi hakuongezi ukali wa picha. Enzi za analogia, antena nzuri iliondoa chenga na picha ikang'aa. Dijitali haiko hivyo; ama taarifa zote zimefika na picha ni ile waliyoituma, ama hazikufika na picha inavunjika. Ikiwa picha yako haikatiki, usinunue kikuza mawimbi.

Hatua ya 2: Antena (kwa wenye picha inayokatika tu)

Fungua menyu ya king'amuzi, tafuta ukurasa unaoonyesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Angalia wa ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora ukiwa unapanda na kushuka, kuna tatizo kwenye waya, kiunganishi au mwelekeo.

Hapa kwetu naanza na kiunganishi, kwa sababu ya chumvi. Juzi nilifungua kimoja juu ya paa huko Mkomani, cha miaka miwili tu. Uzi wa shaba wa katikati ulikuwa umegeuka kijani, na ule wavu unaouzunguka ulisagika vidoleni kama unga mweupe. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua antena mbili mpya. Kata waya sentimita tano au zaidi hadi ufikie shaba inayong'aa, funga kiunganishi kipya, zungushia tepu ya mpira, kisha uache waya uning'inie kidogo chini ya kiunganishi ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia.

Kwa mwelekeo, tazama antena za majirani ambao picha zao hazikatiki, uelekeze yako huko huko. Geuza polepole, subiri sekunde chache kila mara, kwa kuwa mstari wa ubora huchelewa kujibu. Antena ya ndani haifai kwenye nyumba za mawe. Kuta zile nene hunyonya mawimbi.

Tahadhari: usipande paani wakati wa upepo wa kusi, mvua au radi, wala karibu na nyaya za stima. Hakuna taarifa ya habari yenye thamani ya mguu wako.

Umefanikiwa ikiwa mstari wa ubora umetulia kwa dakika kumi bila sauti kukatika hata mara moja.

Hatua ya 3: Tupa ule waya wa rangi tatu

Hii ndiyo hatua iliyoitoa TV ya yule mama kwenye safari ya kurudi Mombasa.

Ving'amuzi vingi huja na waya wa AV: plagi ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti. Watu huuchomeka kwa sababu ndio uliokuwa kwenye boksi. Lakini kupitia ile plagi ya njano, rangi na mwangaza huchanganywa kwenye waya mmoja, na TV inalazimika kuvitenganisha upya. Haiwezi kuvitenganisha sawasawa.

Sogea karibu na kioo, kama shibri mbili, uangalie maandishi meupe yaliyo juu ya utepe mwekundu. Ukiona nukta ndogo zinatambaa pembeni mwa herufi kama sisimizi kwenye ukingo wa sahani ya halua, na wekundu umemwagika nje ya mstari wake, basi unatumia AV. Kwenye inchi 21 ya zamani hukuwahi kuwaona sisimizi hao. Kwenye inchi 55 wanaonekana.

Zima TV na king'amuzi. Chomoa AV, chomeka HDMI, washa vyote viwili. Kwenye rimoti ya TV bonyeza kitufe cha chanzo uchague HDMI yenye namba uliyochomekea.

Usitupe AV mbali sana, utaona sababu kwenye hatua ya 5. Na usikubali kuuziwa kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI. Picha inakuwa imeshaharibika kabla ya kuingia humo. Kiboksi kinabeba uharibifu huo huo kwa waya mwingine.

Kama king'amuzi hakina tundu la HDMI, usikate tamaa, huenda hukihitaji kabisa. Geuza TV utazame stika ya nyuma au ukurasa wa sifa kwenye kitabu chake. Ikiwa imeandikwa DVB-T2, ina king'amuzi ndani yake, na T2 ndio mfumo unaotumika Kenya kwa chaneli za antena. Ikiwa imeandikwa DVB-T bila ile 2, haitakusaidia. Chomeka waya wa antena moja kwa moja kwenye TV, chagua antena kuwa chanzo, kisha amuru itafute chaneli yenyewe. Chaneli za bure zitaingia bila king'amuzi, bila rimoti ya pili, na picha haipiti njia yoyote ya kuipunguza. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa nyumba isiyolipia vifurushi.

Kuna mtego mmoja hapa. Baadhi ya antena zina kikuza mawimbi ndani yake, na kilikuwa kikipata umeme kutoka kwa king'amuzi kupitia waya ule ule. Ukihamishia waya kwenye TV, umeme huo unakatika na chaneli zinapotea. Tafuta kwenye menyu ya TV kama kuna sehemu ya kuipa antena volti 5. Kama hakuna, nunua kile kifaa kidogo cha kulishia antena umeme kupitia USB.

Umefanikiwa ikiwa sisimizi wametoweka na rangi nyekundu imerudi ndani ya mipaka yake.

Hatua ya 4: Umbo la picha

Usivute picha ijae kioo kwa nguvu. Picha ya umbo la zamani, 4:3, ikivutwa hadi 16:9, umbo la TV pana za sasa, watu wanakuwa wanene na wafupi, na zile nukta chache zinatawanywa zaidi. Kuikuza kwa "Zoom" ni kubaya zaidi, maana unakata juu na chini kisha unapanua kilichobaki.

Kwenye king'amuzi chagua 16:9. Kwenye TV chagua "Auto" au "Original". Kisha tafuta kitu cha mviringo: saa ya ukutani kwenye mchezo wa kuigiza, au mpira ukionyeshwa kwa karibu. Ukiwa duara, umefika. Ukiwa kama yai, rudi ujaribu tena.

Kwenye vipindi vya zamani utabaki na mistari myeusi pembeni. Iache. Watoto watalalamika siku mbili, kisha watasahau.

Hatua ya 5: Nani aikuze picha, king'amuzi au TV?

Kazi ya kukuza picha kutoka SD hadi ukubwa wa kioo inaweza kufanywa na yeyote kati ya hawa wawili. Ikifanywa na king'amuzi kwa kiasi, kisha TV ikaimalizia, picha imekuzwa mara mbili na ukungu umeongezeka. Mfano wa kawaida ni king'amuzi kilichowekwa 720p kwenye TV ya 1080: kinakuza hadi 720, TV inakuza tena hadi 1080.

Ingia menyu ya king'amuzi, sehemu ya video. Utakuta 576i, 576p, 720p, 1080i na 1080p; namba ni idadi ya mistari ya picha. Jaribu mbili tu, 576 na 1080, kila moja kwa dakika tano ukitazama uso na maandishi. Mara nyingi TV, hasa ya miaka ya karibuni, ina akili nzuri ya kukuza kuliko king'amuzi cha bei nafuu, kwa hiyo 576 hushinda. Lakini si kila mara. Amini jicho lako.

Kama king'amuzi chako kinapokea pia chaneli za HD, usikiache kwenye 576, maana utaziangusha hizo ziwe SD. Chagua ile inayofuata chaneli yenyewe kama ipo. Kama haipo, baki kwenye 1080.

Tahadhari: ukichagua ukubwa ambao TV haiukubali, kioo kinakuwa cheusi. Usiogope. Subiri sekunde kumi na tano, vingi hurudi vyenyewe. Kisiporudi, chomeka ule waya wa AV niliokwambia usiutupe, utaiona menyu, urekebishe.

Hatua ya 6: Menyu ya picha

TV ikitoka dukani huwa imewekwa ing'ae kuvutia wateja. Ukiulizwa ilipo, nyumbani au dukani, jibu nyumbani. Kisha ondoka kwenye "Dynamic" au "Vivid" uende "Standard" au "Movie". Ile ya kwanza inapandisha utofauti wa mwanga na giza, na kufanya hivyo kunafichua kila mraba wa kituo.

Sasa tafuta "Sharpness". Jina lenyewe linawapoteza watu. Wanaona picha ina ukungu, wanaipandisha hadi 100. Haiongezi chochote kilichotoka studio. Inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na kwenye SD mstari huo unazunguka hata uchafu. Mtazame mtangazaji begani, pale koti jeusi linapokutana na ukuta nyuma yake. Ukiona uzi mwepesi mweupe umefuata bega lote, teremsha. Endelea kuteremsha hadi uzi upotee, kisha simama hapo. Kwenye TV nyingi ni karibu na sifuri, nyingine ni katikati. Picha itaonekana laini dakika chache za mwanzo. Vumilia hadi taarifa iishe ndipo uhukumu.

"Noise Reduction" iweke chini au katikati. Inasaidia kulainisha ile miraba ya mwendo, lakini ikiwa juu inafuta mikunjo ya uso na watu wanarudi kuwa nta. Ulainishaji wa mwendo na utofauti wa kujirekebisha wenyewe, zima vyote viwili.

Umefanikiwa ikiwa ngozi inaonekana ngozi, na unaweza kusoma maandishi ya chini bila kukunja macho.

Hatua ya 7: Umbali

Hapa ndipo nyumba zetu zinapoleta shida ambayo vitabu vya TV havikuifikiria.

Kanuni ya SD ni kukaa mbali mara sita ya kimo cha kioo. Ya HD ni mara tatu. Ukikaa karibu zaidi ya hapo, jicho linaanza kuziona nukta. Inchi 32 ina kimo cha sentimita 40, kwa hiyo mita 2.4. Inchi 43, mita 3.2. Inchi 55 ina kimo cha karibu sentimita 69, na hiyo inataka mita 4.1.

Vyumba vya nyumba za kale za Amu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari: mita mbili na nusu, tatu ikizidi. TV ikitundikwa kwenye ukuta mrefu na makochi yakawekwa ukuta wa pili, macho yako yako mita mbili kutoka kiooni. Sasa unaelewa kwa nini ile inchi 32 ya zamani "ilikuwa bora". Ilikuwa karibu na umbali wake.

Hamishia TV kwenye ukuta mfupi, mwisho wa chumba, na ukae upande wa pili. Kwa yule mama tulipima mita 4.3 kutoka kioo hadi kochi, na mabadiliko hayo peke yake yalifanya kazi kubwa kuliko menyu yote. Kama huwezi kufika mara sita, mara nne inavumilika.

Usitoboe ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, wala nakshi za chokaa. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na chokaa ile ikipasuka hairudi ilivyokuwa. Tena mawe ya matumbawe ni laini, skrubu hulegea na TV ikaja chini. Tumia meza imara. Na usielekeze kioo kwenye mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Mwanga wa mchana ukipiga kioo utarudi kwenye "Dynamic" bila kupenda.

Ambaye bado hajanunua, na anatazama chaneli za SD katika chumba cha mita tatu: chukua inchi 40 au 43. Pesa inayobaki nunulia antena nzuri.

Hatua ya 8: Tafuta kama chaneli yako ipo kwa HD

Amuru king'amuzi kitafute chaneli upya, kisha upitie orodha nzima. Wakati mwingine chaneli ile ile inarushwa mara mbili, SD kwenye namba moja na HD kwenye nyingine, nasi tumezoea namba ya zamani. Kwa wanaolipia vifurushi, uliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: je, king'amuzi chenyewe kinapokea HD, na je, kifurushi hiki kina HD ya chaneli ninayoitaka? Wengi wana kimoja bila kingine.

Kwa mpira hii ndiyo hatua ya pekee yenye maana. Uwanja mzima ukionyeshwa kwa mbali kwenye SD, mchezaji ana nukta chache mno, na majani yanakuwa rangi moja tu ya kijani. Nimejaribu kila mpangilio niujuao, na namba mgongoni bado haisomeki.

Kabla ya kufunga kazi

Rudi kwenye alama uliyoiweka sakafuni, piga picha ya pili kwa simu, uilinganishe na ya kwanza. Kisha andika kwenye karatasi kila ulichobadilisha, cha TV na cha king'amuzi, uibandike nyuma ya TV. Stima ikikatika, baadhi ya ving'amuzi husahau yote na kurudi 720p na 4:3. Utaona mtangazaji amenenepa ghafla usiku mmoja. Geuza TV, soma karatasi, na dakika tano baadaye utakuwa umemrudisha.